Tangi la Kibanda cha Mchungaji

Shamba la Tindarra, kaskazini ya Hawker
20 Septemba 1988

Mwanangu Lyall kapewa kundi lake mwenyewe! Ilma dada yangu, weka sindano za kufumia chini, usije ukajichoma. Kundi lake, yeye peke yake kiongozi, hakuna tena kumfuata mtu nyuma na kubeba masufuria. Watu wanane, karibu wote wa Adelaide, siku tano kwa miguu kukata milima yetu, kuanzia Jumatatu tarehe kumi Oktoba mpaka Ijumaa, na siku ya mwisho wanateremkia hapa hapa kwangu, kwenye banda la kukatia manyoya, nawapikia mimi.

Haya, sasa nikusalimie. Hujambo dada? Goti lako linaendeleaje? Mimi mzima, mgongo tu.

Mwenye kampuni ya kutembeza watalii alipiga simu mwenyewe. Akaniambia, "Mama Schirmer, kwa milima hii sina mwingine wa kumpa." Nikamjibu, "Na hutampata." Kweli si kweli? Mtoto wa miaka tisa alirudi na kondoo arobaini katikati ya dhoruba ya vumbi, baba yake na wanaume watatu wamepotea! Marehemu Reinhold wangu angecheka mpaka meno yamdondoke. Sisi hiyo milima tuliilaani miaka thelathini tukitafuta kondoo, leo watu wanalipa kuja kupata malengelenge.

Sasa nikupe siri, na usimwambie Lyall. Mbuzi mwitu wametujaa kule juu mwaka huu, Ilma. Wananuka, wanakula kila kitu, mavi yao yamefunika njia nzima. Mtu atoke mjini na kamera yake, apige picha ya mavi ya mbuzi, halafu aseme ndiyo milima ya kina Schirmer? Nikasema hapana. Jumamosi nimepanda na gari la Reinhold mpaka Kibanda cha Mchungaji, nikafunga breki ya kinu cha upepo kinachovuta maji kwa mnyororo, nikalimwaga tangi lote mpaka tone la mwisho. Lazima limwagwe, mbuzi akinusa maji haondoki. Wiki tatu zikipita watakuwa wameshuka wenyewe kufuata maji ya huku bondeni, nami nimeshawawekea zizi la mtego. Wageni watakuta mlima safi, na kangaruu wadogo wa majabali wamerudi kukaa kwenye miamba yao. Lyall atashangaa. Na gunia nimelifunga getini kama kawaida, alama ya kwamba juu hakuna maji, asije jirani akapeleka kondoo kwenye birika kavu.

Mwanamke wa miaka sitini na minane, peke yangu, na ule mnyororo mzito! Waambie hao marafiki zako wa kucheza karata.

Mdogo wako,
Verna

*

Tanunda
28 Septemba 1988

Verna mdogo wangu,

Barua imefika. Nusu yake nimewasomea akina mama kanisani, nusu nimeiacha, maana hata Mungu keshachoka na habari za Lyall. Bi Zander ameuliza kama huyo mtoto anatembea juu ya ardhi kama sisi au anaelea.

Utani tu. Nimefurahi, na nimelia kidogo, Reinhold asingekosa siku hiyo.

Hayo ya mbuzi na mnyororo nimeyasoma mara mbili na sijayaelewa. Nimekaa mjini mno, maji kwangu ni kufungua bomba. Ila acha kuinua vyuma. Ukivunjika kiuno nitakuja kukuuguza, na wewe kuugua kimya huwezi.

Goti linauma. Asante kwa kuuliza, hata kama ni mstari mmoja katikati ya kurasa nne.

Dada yako,
Ilma

*

Tindarra
4 Oktoba 1988

Mwanangu Lyall,

Mama hajambo. Barua hii naipa posta ya leo ikukute Port Augusta kabla hujaondoka.

Ijumaa mkifika, usiwaingize wageni kwa mlango wa nyuma kama vibarua. Wapitishe mbele, waone waridi. Nimemtenga mbuzi dume mchanga wa kuchoma, kuna viazi, kuna jamu ya pichi za porini, na skonzi zangu unazijua. Bendera usiniulize, nimeshaitoa.

Waambie habari za babu yako alivyochimba kile kisima cha kwanza. Usione haya. Wewe una haya ya baba yako, na haya haijawahi kumlisha mtu.

Kuna jambo nimelifanya huko mlimani kwa ajili yako. Sikwambii. Utaliona mwenyewe ukifika.

Vaa kofia ile ya ukingo mpana.

Mama

*

Port Augusta
17 Oktoba 1988

Mama mkubwa,

Utakuwa umeshasikia redioni kwamba mtu amefia kwenye kundi langu. Nakuandikia wewe kwa sababu siwezi kumwandikia mama, na kama sitamwambia mtu yeyote nitapasuka.

Jumatano ilikuwa siku ya tatu. Joto lilipanda mpaka thelathini na tisa, Oktoba, hakuna aliyelitegemea. Tulikuwa tujaze maji kwenye chemchemi ya Pengo saa sita mchana. Tulipofika tukakuta mbuzi, Mama mkubwa, sijapata kuona mbuzi wengi vile mahali pamoja. Walikuwa wameivuruga chemchemi ikawa tope la mavi, na wawili wamefia humo ndani, wamevimba. Sikuelewa kwa nini wamejazana pale. Kila mgeni alikuwa amebakiwa na lita moja, wengine nusu.

Ningeweza kuwarudisha kambi ya jana, kilomita kumi na nne. Nikachagua kuwapandisha mgongo wa mlima mpaka Kibanda cha Mchungaji, kilomita sita, kwa kuwa tangi la pale nimelijua lina maji tangu nilipojua kutembea. Nikawaambia, "Kunyweni tu mlichonacho, mbele mtaoga." Wakashangilia.

Kulikuwa na mzee mmoja, Ambrose Tuckwell, mwalimu wa hesabu mstaafu, miaka sitini na minne. Njia nzima alikuwa akituuliza mafumbo ya namba na kutuita wajinga. Mama mmoja alianza kutapika kwa joto, naye Ambrose akampa chupa yake, maji yote yaliyobaki. Nikamwambia, "Mwalimu, jibakizie." Akasema, "Ya nini? Si kijana ameahidi bafu?"

Nililigonga tangi kwa jiwe kabla sijapanda ngazi. Kwa ile sauti tu nilijua ni tupu.

Kinu kilikuwa kimefungwa kwa mnyororo wa gari la baba. Nilifungua breki. Upepo haukuwepo hata wa kutikisa jani. Nikawalaza wote kwenye kivuli cha kibanda nikakimbia kufuata barabara, kilomita kumi na moja, nimwite jirani yetu Gus Haberecht. Nilipofika getini nikakuta kipande cha gunia kimefungwa kwenye komeo, kwa fundo la mama.

Sisi tulikuja kwa miguu kupitia juu, Mama mkubwa. Getini hatukupita.

Nilirudi na Gus na mapipa ya maji jua limeshazama. Ambrose alikuwa amekata roho muda si mrefu. Yule mama aliyepewa chupa alikuwa amempakata kichwa.

Gunia nililifungua nikalitia mfukoni. Polisi nimewaambia mpango wa mbuzi ni wangu, kinu nilikifunga mimi mwezi wa tisa, tangi nililimwaga mimi, nikasahau. Mama nimemwambia ni moyo, basi. Usimwambie. Unamjua. Neno hilo likimwingia hataamka tena kitandani.

Kama amekuandikia lolote juu ya lile tangi, tafadhali lichome.

Lyall

*

Tindarra
25 Oktoba 1988

Ilma dada,

Nyama yote nimewapa mbwa. Meza ndefu bado iko bandani, sina nguvu ya kuikunja.

Moyo, dada. Mzee alikuwa na moyo mbovu, Lyall kaniambia hivyo tu, zaidi hataki kusema. Sasa mtu una moyo mbovu, unakwenda kupanda milima kutafuta nini? Kaa nyumbani, mwagilia maua. Mungu amrehemu, lakini nasema kweli. Na kampuni nayo, badala ya kumtetea kijana, imemwambia apumzike kwanza. Apumzike na nini?

Amekonda. Anakaa Port Augusta kwenye chumba cha kupanga, amekuja mara moja, kakaa jikoni saa nzima anaangalia mikono yake. Nikamwambia, "Lyall, watu hufa, hata kitandani wanafia." Akasema, "Ndiyo, mama." Nikamuuliza kama aliuona mlima nilivyomwandalia, kama mbuzi walikuwa wamepungua. Akasema, "Walipungua, mama. Asante."

Hata kwenye msiba aliona, unaona mtoto alivyo?

Konstebo alikuja Alhamisi. Kijana mpole, ana chunusi. Nikampa chai na skonzi, kala tatu. Akaniuliza, "Mama, hapa shambani maji yanasimamiwa na nani?" Nikaona hapa hapa ndipo pa kumnyanyua mwanangu. Nikamwambia, "Lyall. Visima, vinu, matangi, yote. Mimi mjane tu, napika. Hakuna koki inayofunguliwa wala kufungwa kwenye shamba hili bila neno lake." Nilitaka ajue anaongea habari za mwenye shamba, si mtoto wa kubeba masufuria. Akaandika kila neno. Nikamwambia, "Andika na hili: hajawahi kusahau kitu maishani mwake." Akaacha kuandika akanitazama, kisha akaandika na hilo.

Nadhani nimemsaidia.

Niandikie. Nyumba ni kimya mno.

Verna

*

Tanunda
29 Oktoba 1988

Lyall,

Barua ya mama yako ya Septemba niliichoma jana kwenye jiko. Ilisema kila kitu, mnyororo, kinu, gunia. Niliisoma wiki mbili kabla hamjaondoka, nikamjibu kwa mzaha. Nilizaliwa shambani, Lyall. Nilipaswa kuuliza swali moja tu, kama wewe umeambiwa. Sikuuliza.

Kwa hiyo tuko watatu, usijifanye uko peke yako.

Nitanyamaza kwa kuwa umeniomba. Lakini ujue alichomwambia konstebo. Amekusifia mpaka amekufunga kamba. Yeye anadhani amekuokoa.

Kula chakula.

Mama mkubwa Ilma

*

Unley, Adelaide
6 Februari 1989

Mama Schirmer,

Hunijui. Mimi ni Winifred, binti pekee wa Ambrose Tuckwell.

Nimesoma maelezo ya polisi, wakili wetu amenipa nakala, kwa sababu mchunguzi wa vifo atalisikiliza shauri hili mwezi wa Aprili. Nimejaribu kumwandikia mwanao mara tatu. Mara zote amenijibu mstari mmoja, kwamba kosa ni lake na anaomba radhi. Sitaki radhi. Nataka kuelewa.

Maelezo yanasema tangi la Kibanda cha Mchungaji lilimwagwa na kinu kikafungwa mwezi wa Septemba, kwa ajili ya mbuzi, na kwamba aliyefanya hivyo ni yeye. Yanasema wewe mwenyewe ulimthibitishia konstebo kuwa hakuna mwingine anayegusa maji shambani, na kwamba mwanao hajawahi kusahau kitu. Wakili wetu ameyapigia mstari maneno hayo mawili. Anasema mtu asiyesahau alikumbuka, basi aliwapeleka watu kwenye tangi tupu akijua. Anasema huenda kijana akashtakiwa.

Baba yangu alikufa kwa kiu, Mama Schirmer. Moyo wake ulikuwa mzima, daktari aliupima mwezi wa nane. Yule mama aliyekuwa naye ameniambia mwanao alipopanda ngazi akachungulia ndani ya tangi, alikaa juu pale bila kushuka, kisha akasema neno moja tu: "Haiwezekani."

Hapo ndipo ninaposhindwa kulala. Mtu aliyelimwaga tangi kwa mkono wake mwenyewe hasemi "haiwezekani".

Wewe ni mama yake. Kama kuna unachokijua, nakuomba uniambie.

Winifred Tuckwell

*

Tindarra
10 Februari 1989

Lyall mwanangu,

Tangi lile nililimwaga mimi.

Nimekaa siku mbili na barua ya binti wa yule mzee. Nimeisoma jikoni, nimeisoma kwenye veranda, nikaisoma ndani ya gari la baba yako. Haibadiliki. Uliniambia moyo. Uliniambia mbuzi walipungua, asante. Ulikaa kwenye kiti kile ukaniambia asante!

Nilikwenda juu jana. Nilitaka kuona. Kinu kinazunguka vizuri, tangi limejaa, maji baridi, nikanawa uso. Kutoka pale nikatazama upande mnaotokea nyie mkija kwa miguu. Miaka arobaini na tano nimekaa kwenye shamba hili, sijawahi kufika pale kwa njia hiyo. Sisi ni watu wa gari na geti. Nilifunga gunia getini nikajua dunia nzima imeshaarifiwa.

Kwa nini umechukua mzigo usio wako? Mimi nina miaka mingapi iliyobaki ya kuharibiwa? Wewe una thelathini na moja. Ulidhani mama yako ni mayai?

Na kwa konstebo, yale niliyosema. Nimeyakumbuka yote usiku wa jana, na sauti yangu mwenyewe nilivyokuwa nikiisikia ni nzuri.

Nitakwenda kituoni Jumatatu.

Mama yako

*

Port Augusta
17 Februari 1989

Mama,

Konstebo kaniambia umekwenda, na alichokujibu. Hakukuwa na ubaya, alikuwa anasema kweli: mama yeyote angesema hivyo. Umeshasaini karatasi ya Oktoba ukisema kinyume chake. Mahakama itakuona ni mzee anayejitoa kafara kwa mwanawe, na mimi nitaonekana mwanamume anayejificha nyuma ya gauni la mama yake. Liache.

Sikukuficha kwa sababu wewe ni mayai. Nilikuficha kwa sababu kosa ni langu kweli. Mtu akikuongoza jangwani huulizi nani alifunga koki. Mimi ndiye niliyesema "kunyweni". Sikulipima tangi lile kabla ya safari, sikukuuliza hata kwa simu, kwa kuwa ni tangi la nyumbani. Lingekuwa la jirani ningelipima. Mzee wa watu alitoa maji yake kwa neno langu, si lako.

Ukisimama mbele ya watu ukasema ni wewe, hakuna kitakachobaki. Wewe unaishi kwa kusifiwa, mama. Nakupenda lakini najua. Hawa hawa unaowaandikia kila wiki ndio watakaokuita muuaji kwenye foleni ya duka la Hawker. Mimi nitahama. Wewe utahamia wapi?

Tafadhali.

Lyall

*

Tindarra
21 Machi 1989

Utasimama mahakamani na mimi, Ilma, utake usitake!

Umesema kwenye simu kwamba barua umeichoma kwa sababu Lyall alikuomba. Sikulaumu. Ningekuwa wewe ningechoma na jiko. Lakini karatasi kuchomwa si kichwa chako kuchomwa. Uliisoma, na nusu yake uliwasomea akina mama kanisani. Nataka kujua ni nusu ipi. Kama ilikuwa na mnyororo na mbuzi, basi Bi Zander na wote waliocheka siku hiyo ni mashahidi.

Sikiliza nilivyofanya. Konstebo aliponiambia kila mama angesema hivyo, nilirudi nyumbani nikalia, sikufichi, nikalia kwenye zizi la mtego mbuzi wakinitazama. Kisha nikakaa nikajiuliza: Verna, umewahi kufanya jambo lolote maishani ukanyamaza? Hata siku moja? Nikachukua kalamu nikaandika majina. Mwezi ule wa tisa, kabla ya safari, niliwatambia watu tisa, dada. Tisa! Nilimwambia mtu wa posta, akiwa bado hajazima injini. Nilimwambia mwenye duka la Hawker na mkewe. Niliwaambia wanawake wawili wa chama chetu cha mashambani, nikawaonyesha na malengelenge ya mnyororo viganjani. Nilimwandikia mke wa mchungaji wetu wa zamani. Nilimpigia simu binti wa Reinhold kwa mke wa kwanza, tusiyesalimiana naye, kwa ajili ya kumkera tu. Nilimwambia Gus. Na wewe. Na wote niliwaambia maneno yale yale: usimwambie Lyall.

Na hakuna aliyemwambia. Mara moja tu katika maisha yangu watu wamenitunzia siri, ikawa hiyo.

Nimemwendea kila mmoja, mmoja baada ya mwingine. Gus alivua kofia. Akasema, "Verna, gunia nililiona getini tangu mwezi wa tisa. Niliposikia Lyall kasema ni yeye, nikajua anakuficha, nikadhani na wewe unajua na mmekubaliana. Si mambo yangu." Nikamwambia, "Gus, miaka yote hii ya kuishi jirani, ndiyo siku ya kuacha umbea?" Tukacheka wote wawili, na tulipomaliza kucheka hakuna aliyeweza kumtazama mwenzake.

Mwenye duka hakucheka. Alinipimia unga, akaniambia, "Kwa hiyo ni wewe." Nikasema ndiyo ni mimi. Mkewe akaingia stoo hakutoka. Itakuwa hivyo kuanzia sasa, Ilma, Lyall hakukosea. Wale wa chama mmoja atakuja, mwingine anasema ana wageni. Binti wa Reinhold amekubali upesi kuliko wote, na najua ni kwa nini, na aje hivyo hivyo. Chuki yake itaaminiwa zaidi kuliko mapenzi yako.

Lyall haongei na mimi. Jumapili nilikwenda mpaka mlangoni kwake, nikasikia redio ndani, hakufungua. Nikasema nikiwa nje pale pale, "Ulipima vibaya, kweli. Lako ni hilo, libebe, sikunyang'anyi. Lakini langu nirudishie." Redio ikazimwa. Nikangoja. Nikaondoka. Sijui kama nimempata mwanangu au nimemmaliza. Wakili wa kampuni anasema hata mimi naweza kushtakiwa, kwa maneno ya uongo niliyosaini. Sawa.

Yule binti, Winifred, nimemwandikia yote, kurasa sita, na mara hii sikujisifu popote, nilirudia kuisoma kuangalia. Hajajibu. Sijui angejibu nini. Nilitaka kumwambia baba yake nimemwandalia chakula, nikalifuta. Kisha nikaliandika tena, maana ni kweli, kulikuwa na sahani nane na moja ilikuwa yake.

Nakuomba mambo mawili. La kwanza, usije na uso wa kunihurumia. La pili, wapakie akina mama wote wa kanisani waliosikia, hata kama ni gari mbili, mafuta nalipa mimi. Wakisema ni mbali, waambie wamenisikiliza miaka ishirini nikijisifu, mara hii moja waje wanisikilize nikisema nilichofanya. Wasivae kama wanakwenda msibani. Wakae mbele, nataka mchunguzi wa vifo awahesabu. Na kama Winifred atakuwa mle ndani, asiende mtu kumshika mkono mpaka nimemaliza kuongea, kwa kuwa yeye ndiye mwenye haki ya kuchagua kama atashikwa na mtu au la.

Vitanda vipo, blanketi nimefua. Mfike hapa Jumatatu jioni tulale. Shauri ni Port Augusta, Jumanne tarehe kumi na nane Aprili, saa nne asubuhi, na siku hiyo nawategemea nyote.

Verna